Neno Ulilotumwa na Minza

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hali yako naijua. Nakusikia humo ndani ukibishana na mama yako juu ya michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Yeye anataka ujaze mfuko mzima, wewe unamwambia Mwanza nako watu wanakula. Mimi nimekaa huku nyuma ya nyumba, jua bado lipo, na nimewaambia kwamba nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Sisahihishi. Nakuandikia.

Mambo ya kufunga begi, kutonunua chakula dirishani, kumwamkia mama mwenye nyumba kabla hajakusemesha, sitayaandika. Mama yako ameyasema wiki nzima na kesho stendi atayarudia. Mimi nina jambo moja, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Leo peke yake nimejaribu mara tatu. Asubuhi nilikukuta unaanua nguo, nikasema, "Kabula." Ukaitika, "Abee baba." Nikasimama pale kama mtoto aliyesahau shairi jukwaani, halafu nikasema, "Naona kuna wingu upande wa ziwa." Ukacheka, ukasema, "Baba, jiografia haikuachi." Ukaingia ndani na nguo zako.

Kwanza niseme hili, ingawa si hilo jambo lenyewe. Nisingependa uende Mwanza kuishi kwenye nyumba ya watu na kufundisha watoto wao. Ningependa uwe na darasa lako, ubao wako, na jina lako kwenye ratiba. Miaka mitatu tangu umalize chuo nimezunguka na nakala za vyeti vyako kwa watu niliowafundisha mimi mwenyewe, ambao sasa wana ofisi hapa Bariadi. Mmoja alisimama mbele ya wageni wake, akanipa shikamoo, akaipokea bahasha kwa mikono miwili. Nilipotoka pale nilijua kwamba nimepewa heshima, basi, hakuna kingine. Ulipopata hii familia ya Mwanza hukuniuliza. Ulinijulisha tu. Nami sikuwa na kitu kingine cha kukupa.

Kwa hiyo unakwenda kufanya kazi ambayo mimi nimeifanya Jumamosi nyingi sana za maisha yako. Chuoni wamekufundisha ualimu, lakini hawakukufundisha kukaa sebuleni kwa watu. Mimi nilijifunzia kwa yule wakala wa pamba hapa Somanda. Kila nilipofika nililetewa chai ya maziwa na maandazi kabla ya somo, na chai ile ilinifunga mdomo. Siku moja alikuwa na wageni. Akamwita mwanae mbele yao, akaniambia, "Mwalimu, hebu muulize miji mikuu, hawa wasikie." Nikamuuliza mji mkuu wa Australia. Mtoto akajibu kwa sauti, "Sydney!" Wageni wakapiga makofi. Baba mtu akanigeukia. Nikasema, "Safi kabisa."

Yule mtoto alinitazama. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemfundisha Canberra, na nadhani wakati ule ndipo alipokuwa anaanza kukumbuka. Nilikuja kuwasimulia ninyi tukiwa tunakula, mkacheka sana, wewe ukawa unaniita Mwalimu Safi Kabisa mpaka mama yako akakukanya. Mimi pia nilicheka. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi ya jambo kubwa zaidi.

Sasa nije Dutwa.

Unakumbuka kwamba nilikuwa nakwenda Dutwa kila Jumamosi, kwa Mzee Masanja, kumfundisha binti yake Minza. Na unakumbuka kwamba siku moja niliacha kwenda, nikawaambia wewe na mama yako kwamba familia ile imehamia Meatu kufuata malisho. Hawakuhama. Wapo palepale. Hilo ndilo la kwanza ulijue.

Mzee Masanja ni mkulima wa pamba na mfugaji. Ng'ombe wake ni wengi, na hakupenda mtu awahesabu. Shule hakwenda. Siku ya kwanza alinikaribisha kwenye chumba ambacho nusu yake ilikuwa imejaa pamba hadi dirishani, akaniwekea kiti, Minza akakaa juu ya gunia. Akasema, "Mwalimu, mimi barua ikija nasomewa na watu. Huyu nataka awe wa kusomea watu. Neno utakalosema wewe juu yake, mimi ndilo nitakalolishika." Nilifurahi sana kuambiwa vile. Jioni nilirudi nyumbani na nyuzi za pamba kichwani, ukanicheka kwamba nimeota mvi.

Minza alikuwa kidato cha tatu. Katika miaka yangu yote sijapata mwanafunzi mwenye kumbukumbu kama yake. Ukimweleza mara moja jinsi mvua ya vuli inavyotofautiana na ya masika, wiki inayofuata anakurudishia maneno yako yote pamoja na pale ulipokohoa. Lakini ukimwekea ramani, anageuka mtu mwingine. Unaijua ile mistari myembamba ya kahawia kwenye ramani, ile kontua, inayoonyesha wapi nchi imepanda na wapi imeshuka. Minza alikuwa anaivuta ramani mpaka puani, anaisogeza kidogokidogo, kama mtu anayechungulia ua wa jirani kupitia tundu. Namwonyesha kwa kalamu, "Hapa ni nini?" Anasema, "Kilima, mwalimu." Ni bonde. "Na hapa?" "Bonde." Ni kilima. Nikaona anabahatisha. Siku moja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, nisomee wewe ramani, mimi nitaikumbuka." Nikapiga rula mezani. Nikamwambia kwamba kwenye mtihani sitakuwepo kumsomea.

Mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, ulinisumbua nikuchukue. Ulikuwa darasa la sita. Sijui unakumbuka kiasi gani cha siku ile. Mlishinda pamoja baada ya somo, mkaenda kisimani, mkarudi jua likizama, na mimi nilikuwa nimekaa na mzee nikawaona mnakuja. Minza ana ndoo kichwani na mkono mmoja begani kwako. Nilidhani ni mapenzi ya wasichana.

Ndani ya gari tukirudi, ulikuwa umekaa mapajani kwangu kwa sababu gari lilijaa, ukanisogelea sikioni. Ukasema, "Baba, dada Minza jua likizama haoni. Nilimrushia pera likampiga kifuani. Amesema nikuambie, yeye anaogopa."

Nakumbuka neno kwa neno, Kabula. Na nakumbuka nilichokujibu. Nilisema, "Uvivu una visingizio vingi. Mambo ya masomo usiingilie."

Ukatazama nje mpaka tukafika.

Mwezi wa tisa Mzee Masanja aliniuliza, mbele ya mke wake, "Mwalimu, mwanangu anaendeleaje?" Ningeweza kusema sijui bado. Ni maneno mawili tu. Lakini nilikuwa nimekula kwake, nilikuwa nimepewa kiti chenye mto, na mwalimu aliyetoka mjini kusema sijui niliona ni aibu. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimeambiwa na mtoto wangu mwenyewe nini kilikuwa tatizo, na nililikataa kwa sababu limetoka kwa mtoto. Nikasema, "Mzee, akili anayo. Shida yake ni uvivu."

"Wabeja, mwalimu," akanishukuru. "Umenisaidia. Uvivu dawa yake ninayo."

Jumamosi iliyofuata Minza hakuegemea gunia. Alikaa wima kama kijiti. Mikono ilikuwa imevimba kuanzia kwenye viwiko, na mama yake, ambaye kila mara alikuja kunisalimia, siku ile alinisalimia akiwa uani, hakuingia. Mimi niliona. Nisikudanganye kwamba sikuona. Nikafungua kitabu, nikasema, "Leo tuache ramani. Tufanye mito." Akanitajia mito yote ya Tanzania na inakomwaga maji yake, hakukosea hata mmoja.

Masika ilipofika, siku moja mvua ilinichelewesha. Ilipokatika jua lilikuwa limeshazama, mzee akamwambia Minza anisindikize mpaka barabarani. Alitangulia yeye. Njia ile ameipita tangu anajifunza kutembea. Lakini jirani alikuwa amerudi kutoka kulima akaacha plau katikati ya njia. Mimi niliiona kutoka mbali, plau nzima ya kukokotwa na ng'ombe, na nilimwona Minza akiiendea. Nilijua ataizunguka. Aliipanda. Alianguka juu yake, ule upande wa jembe ukamchana mguu chini ya goti. Na alipoinuka, jambo la kwanza alilosema ni, "Samahani, mwalimu."

Nikamfunga mguu kwa leso yangu. Nikamuuliza, "Hukuiona?"

Akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu kidato cha kwanza, ikifika jioni. Sasa hata mchana pembeni sioni. Naona katikati tu."

"Mbona hukusema, Minza?"

"Nilisema," akajibu. "Nilimtuma Kabula. Hakukuambia?"

Kabula, hapa ndipo nilipokwama hizi siku zote. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope, damu yake iko kwenye vidole vyangu, alama za fimbo iliyotokana na neno langu ziko kwenye mikono yake. Ilikuwa nafasi yangu. Nami nikasema, "Hapana. Hakuniambia."

Akasema, "Aa."

Nilikutupia wewe. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, ulikuwa nyumbani huku unachota maji, na mimi kule nikakufanya wewe uwe mtu aliyepewa neno akalitupa. Nilijiambia kwamba wewe ni mtoto, utasamehewa upesi, mimi mwalimu nisingesamehewa. Nilijiambia mengi.

Kesho yake nilirudi Dutwa, ingawa ilikuwa Jumapili, nikamwambia mzee ampeleke binti hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, bila hasira, "Mwalimu, juzi ulisema mvivu, nikashika. Leo unasema haoni. Nishike lipi?" Ndugu zake wakasema macho hayawezi kuharibika hivihivi bila mkono wa mtu. Wakampeleka kwa mganga, kwanza mmoja, halafu mwingine wa mbali zaidi, na kila nilipokwenda nilimkuta Minza amefungwa kitu kipya shingoni. Ningesema nini? Mtu aliyekosea mara ya kwanza hana sauti mara ya pili. Mpaka pamba ikavunwa ndipo mzee akaniita, akasema, "Twende huko kwako, kwenye hospitali yako."

Bariadi walimtazama, wakatuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa macho Mwanza. Tulikwenda watatu. Daktari alimkagua muda mrefu kwa mataa yake, akamtoa nje, akatuita mimi na mzee. Akasema huu ni ugonjwa ambao mtu huzaliwa nao. Unaanza kula pembeni ya macho na kuja katikati, taratibu, miaka. Hauna dawa.

Mzee akavua kofia. Akanigeukia akasema kwa Kisukuma, "Mwalimu, wewe umesoma. Muulize vizuri."

Nikauliza tena, kwa Kiingereza, ili nionekane nauliza vizuri. Daktari akanijibu yaleyale kwa Kiswahili, taratibu, akimtazama mzee na si mimi. Mzee akasema, "Mwambie nina ng'ombe." Nikamwambia. Daktari hakucheka. Alitazama meza yake tu. Mzee akasubiri, akadhani hajasikia, akarudia mwenyewe kwa Kiswahili chake, "Daktari, ninao ng'ombe. Si wachache."

Sasa unaweza kufikiri, kama mimi nilivyofikiri nikijitafutia nafuu, kwamba hata ningekusikiliza siku ile ndani ya gari macho yasingepona. Ni kweli. Yasingepona. Lakini asingepigwa. Na mwanafunzi asiyeona vizuri anaweza kuandaliwa karatasi ya maandishi makubwa na kuongezewa muda, mradi aandikishwe mapema. Nilikwenda kuulizia. Walinijibu kwa upole kwamba muda umeshapita. Kama ningeanza ule mwezi wa sita tulipokuwa wote, tungekuwa na zaidi ya mwaka.

Akafanya mtihani na karatasi ile ile ya wenzake. Nilikaa nje ya uzio wa shule yao siku ya jiografia, sijui nilikuwa nasubiri nini. Alipotoka akasema, "Mwalimu, ile ya ramani nimeiacha wazi. Sikutaka kubahatisha." Kiswahili alifaulu, historia alifaulu vizuri kuliko wote shuleni kwao. Jiografia alifeli. Hakuendelea.

Nikaacha kwenda. Nikawaambia ninyi wamehama.

Halafu wewe ukakua. Ukiwa kidato cha pili ulirudi siku moja kutoka stendi ukiwa umenuna. Ukaniambia, "Baba, kumbe Minza yupo. Nimemkuta stendi, nimemshika mkono, ameuvuta." Nikasema labda walikuja kutembea. Nikasema labda hakukuona. Ukasema, "Nilimtajia jina langu, baba. Nilisema mimi Kabula." Nikajifanya natafuta miwani. Wewe ulikaa na jambo lile siku kadhaa. Ulimuuliza hata mama yako kama uliwahi kumkosea Minza. Nilikuwa chumba cha pili nikisikia.

Mwaka uliofuata ukaingia darasani kwangu. Unakumbuka ile jioni uliyoniletea swali la saa na longitudo, kwamba kwa nini Dar es Salaam na Bariadi zina saa ileile wakati jua halichomozi pamoja? Lilikuwa swali zuri sana. Nikakujibu, "Kamuulize mwalimu wako." Ukasimama pale na daftari, maana mwalimu wako nilikuwa mimi. Watu walidhani nakuwa mkali ili nisionekane nakupendelea. Wewe pia nadhani ulidhani hivyo. Ukweli ni kwamba kila ulipokuja kunieleza kitu kwa sauti ile ya chini, nilisikia sikioni mtoto wa darasa la sita ananiambia habari za pera. Nilikuwa nakukimbia ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ulipotujulisha kwamba unakwenda Mwanza kufundisha majumbani, nilikaa siku mbili silali vizuri. Nilijiuliza nitakupa ushauri gani wa kazi hii mimi. Utaingia kwenye nyumba ile yenye watoto watatu. Shuleni neno la mwalimu wanaligawana watoto hamsini, kila mmoja anapata kidogo. Sebuleni analibeba mtoto mmoja, na ukiondoka anabaki nalo na wazazi wake mle ndani, wewe huko barabarani unasubiri gari. Utaulizwa, "Anaendeleaje?" Utakuwa umekunywa chai yao. Mimi sijui utajibu nini. Najua tu mimi nilijibu nini.

Na wakati mwingine habari ya kweli ya nyumba ile utaletewa na yule mdogo kuliko wote, akiwa na mdomo uliojaa chakula. Basi.

Jumapili iliyopita sikwenda kwenye kikao cha ushirika kama nilivyowaambia. Nilikwenda Dutwa.

Nilimkuta Minza uani anachambua choroko kwenye ungo. Aliolewa, akarudi kwao na mtoto wa kike ambaye alikuwa amelala karibu naye kwenye mkeka. Alikuwa hatazami ungo. Vidole vyake vilikuwa vinatembea vyenyewe, vinatoa vijiwe na kuvitupa pembeni. Nikamsalimia, "Mwadila, mayu."

Akainua kichwa papo hapo. "Mwadila. Huyo ni mwalimu wa jiografia."

Nikaketi chini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikasema, "Minza, siku ile ya plau uliniuliza kama Kabula aliniambia. Nilikujibu hakuniambia. Aliniambia. Aliniambia siku ileile, ndani ya gari, kabla hatujafika nyumbani."

Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Pale stendi niliuvuta mkono wangu."

"Najua."

"Alikuwa mtoto tu."

"Alikuwa mtoto."

"Na wewe ulikuwa mtu mzima."

Hilo halikuwa swali.

Wakati ule Mzee Masanja akatokea nyuma ya zizi, amezeeka, anatembelea fimbo. Minza akanisikia nikijiandaa kusimama, akanishika shati, akasema haraka kwa sauti ya chini, "Baba yangu usimwambie. Yeye anajua kwamba mlikosea wote wawili kwa kutojua. Akijua kwamba alinipiga wakati wewe umeshaambiwa, atakufa na hilo. Mwache."

Mzee akanikumbatia. "Mwalimu! Umetutupa!" Akawaita majirani, akawaambia mimi ndiye niliyemfikisha mwanae mpaka Mwanza kwa daktari mkubwa, kwamba walimu kama mimi hawapo tena. Nikasimama pale nasifiwa. Nilikuwa nimekwenda kuutua mzigo, na aliyestahili kusikia aliniamuru nibaki nao. Sikuweza kusema, na sikuweza kukataa nilipopewa kuku. Ni yule kuku uliyemnyonyoa Jumatatu. Uliuliza katoka wapi, nikasema nimepewa na mzazi.

Nilipokuwa naondoka Minza alinisindikiza mpaka mwisho wa ua, mkono mmoja kwenye miti ya uzio. Akauliza, "Kabula yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia anakwenda Mwanza, Jumamosi, na basi la asubuhi.

"Litapita hapa."

"Litapita."

Akafikiri. Akasema, "Nitasimama pale yanaposimama magari, upande wa kwenda Lamadi, karibu na wauza miwa. Mwambie." Halafu akaongeza, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo, "Mwalimu, safari hii neno lifike."

Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana kesho nitakupa barua hii ukiwa umeshapanda, mkononi kwako, siyo kwenye begi. Isome kabla ya Dutwa. Kutoka stendi mpaka kule unao muda wa kutosha, hata ukirudia mara mbili.

Sikuombi unisamehe ndani ya basi. Sijui hata kama ni jambo la kuombwa kwa barua. Mama yako hajui lolote. Nitamwambia kesho tukitoka stendi, na sijui atanipokeaje. Nimewahi kudhani kwamba mtu akisema ukweli mwili unakuwa mwepesi. Nimeusema Jumapili, nimeuandika leo, na bado nakusikia humo ndani unacheka na mama yako na siwezi kuinuka kwenye kiti hiki nikaja kukaa nanyi.

Minza sasa anaona mwanga tu, na vivuli. Hatakuona dirishani hata ukimpungia. Basi pale husimama muda wa kupakia, si zaidi. Ukitaka, fungua kioo umwite jina, naye ataifuata sauti. Ukiona huwezi, au hutaki, kaa kwenye kiti chako. Hakuna mtu mwenye haki ya kukulaumu, mimi ndiyo kabisa. Lakini ujue kwamba ukinyamaza, yeye atasikia tu mlango unafungwa na gari linaondoka, na hatajua kama ulikuwemo.

Ni mimi baba yako,
huku nyuma ya nyumba, Somanda.